Toeni hilo jiko nje

Ilikuwa saa saba za usiku, tuko wanawake tisa chumba kimoja, magodoro matatu chini, na hakuna aliyevua kitu. Kuvua? Watu walikuwa wanaongeza. Mi nilikuwa na dera, juu yake sweta la kuazima, juu ya sweta kanga mbili, na juu ya kanga taulo, ndiyo, taulo la kuogea, na bado meno yanagongana mpaka nayasikia ndani ya kichwa. Sakafu ya vigae ilikuwa inapandisha baridi kwenye godoro utadhani tumelalia friji.

Kijana mmoja wa pale msibani akatuonea huruma akatuletea jiko la mkaa, limekolea, jekundu kabisa, akaliweka katikati ya chumba. Aisee tulimbariki yule mtoto. Tukafunga mlango. Mmoja akachukua kanga akaziba pale chini ya mlango upepo unapopenyea, mwingine akaziba dirishani, joto likaanza kuja taratibu na watu wakaanza hata kucheka, mara ya kwanza tunacheka tangu tupakie jeneza Dar.

Mlango ukasukumwa. Bibi mmoja mfupi, blanketi begani, akaliangalia jiko, akatuangalia sisi, akaiangalia ile kanga iliyoziba chini.

"Nani kaleta hili? Toeni hilo jiko nje."

Mwenzetu mmoja wa Mbagala, mdomo wake haunaga breki, akamwambia shikamoo bibi, samahani, lakini tukilitoa tutakufa na baridi humu. Bibi hata sauti hakupandisha.

"Na baridi mtaamka. Na hilo hamuamki."

Akaliinua mwenyewe kwa kitambaa, akatoka nalo.

Hiyo ni Makete, milimani mkoani Njombe, mwezi wa saba. Nimesharudi Dar, hii wiki ya sita sasa, nalala na feni inazunguka, na bado usiku nikigeuka namsikia yule bibi. Sio kwa sababu alituokoa, ingawa kweli alituokoa, ile hewa ya mkaa haina rangi haina harufu na inang'ang'ania damu kuliko oksijeni, habari za familia kukutwa asubuhi wote wamelala moja kwa moja na jiko katikati nimezisoma mara nyingi tu kwenye simu nikapandisha juu nikaendelea na mambo mengine. Kinachonisumbua ni kwamba tulikuwa watu wazima tisa, wenye shule zetu, na hakuna hata mmoja aliyejua kuishi usiku mmoja wa baridi kwenye nchi yake mwenyewe.

## Anajua kwa miguu

Tulikwenda kumzika jirani yetu. Nitamwita Mama Duka maana mtaani hakuna aliyemwita jina lingine. Mkinga wa Makete, kafika Dar msichana mdogo, kauza genge, kauza duka, ukimkopa anaandika kwenye daftari na hasahau. Wakinga na biashara sina haja ya kueleza, nenda Kariakoo.

Coaster ilitoka Dar alfajiri. Mchana tukawa Ruaha Mbuyuni, jua kali, mibuyu imesimama mikavu, watu tumeshuka tunanunua vitunguu na kujipepea na vipeperushi vya ibada. Mmoja akasema hiyo baridi mnayotutishia iko wapi. Tukacheka. Halafu ukaanza mlima Kitonga.

Waliopita Kitonga wanajua. Gari linanguruma gia ya kwanza nyuma ya malori, korongo upande mmoja, mwamba upande mwingine, na kadri mnavyozunguka kuna kitu kinatokea ndani ya gari ambacho hakuna anayekitangaza: madirisha yanafungwa. Hili, lile, lile la nyuma. Kufika Ilula wauza nyanya wamevaa makoti. Iringa tukanyamaza. Mafinga, katikati ya ile misitu ya misonobari ya Sao Hill isiyoisha, jua linazama, kila mtu kashajikunyata kivyake kama kuku wa mvua.

Makambako tulishuka kujisaidia na ule upepo wa Makambako sijui nikuelezeeje, unapita katikati ya kanga kana kwamba hukuvaa kitu. Stendi kuna kaka anauza makoti ya mtumba, kayatundika kwenye kamba, makoti yale mazito ya Ulaya ambayo belo likifunguliwa Dar watu wanayasukuma pembeni. Akatuangalia, akasema, "Poleni na safari. Mmetoka Dar."

Nikamuuliza kajuaje.

"Miguu."

Tukaangalia chini. Wote ndala.

Koti alitaka elfu kumi na tano. Mi nikaona ananipiga kwa kuwa mgeni, nikamwambia elfu nane, akatabasamu tu akarudisha koti kwenye kamba, hakubembeleza hata kidogo. Mtu anayejua kwamba masaa matatu mbele utamkumbuka hana haja ya kukubembeleza.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ukipanda mita 1,000 unapoteza kama nyuzi 6 za joto. Dar iko usawa wa bahari. Makete iko juu ya mita 2,000. Piga hesabu. Safari ya siku moja, nauli ya shilingi, hakuna pasipoti hakuna mpaka, na nyuzi 12 na zaidi zimeyeyuka njiani, hapo bado hujaongeza usiku.

## Mafuta ya nazi

Mi ni mtu wa Tanga. Kwetu kipupwe kilikuwa ndani ya chupa.

Bibi yangu alikuwa anaweka mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda, kwenye rafu karibu na dirisha. Mwaka mzima yako majimaji, unamimina mkononi unajipaka unakwenda shule. Halafu siku moja asubuhi, mwezi wa sita hivi, unageuza chupa hakitoki kitu. Yameganda, meupe pee. Bibi anasema haya, kusi imeingia, toa chupa nje iote jua. Ikifika saa nne yamelegea. Kwa miaka mingi nilidhani ni maajabu ya bibi, kumbe mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai pwani unafika 19, hata 18. Chupa ile ilikuwa kipimajoto chetu, haikuwa na namba tu.

Na hiyo ndiyo baridi niliyoijua maisha yangu yote. Baridi ya kuwavisha watoto mizula saa kumi na mbili asubuhi na kuivua saa tatu. Baridi ya bodaboda kuvaa jaketi kifua nyuma mgongo mbele. Baridi ya boti ya Zanzibar kurushwa na mawimbi ya kusi huku mabaharia wanagawa mifuko ya kutapikia. Dar ikifika nyuzi 19 mitandaoni watu wanaandika tunakufa, tunapostiana picha za supu, na mi nilikuwa wa kwanza.

Makete nilikuwa na kichupa kile kile kwenye mkoba, siachi kusafiri na mafuta ya nazi. Siku ya kwanza asubuhi yameganda. Nikayatoa juani kama nilivyofundishwa. Saa nne, bado. Saa saba mchana, jua linawaka kwelikweli mpaka unakunja uso, bado. Siku nne nilizokaa pale kile kichupa hakikulegea hata mara moja, ukikigonga mezani kinalia kama jiwe.

Sijui kwa nini hicho ndicho kilichonitisha kuliko simu iliyoonyesha nyuzi 4. Namba unaweza kuibishia.

## Sakitu

Asubuhi ya mazishi nilitoka nje nikadhani mtu kamwaga chokaa. Bondeni kote, kwenye majani, kwenye mabua, juu ya turubai la msiba, kweupe. Nikapiga hatua, majani yakavunjika chini ya mguu kwa sauti kama unatafuna kisamvu kikavu. Neno sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, nililijua tangu shule, liko kwenye kamusi, nimelisoma. Kulikanyaga na ndala ni habari nyingine.

Mzee mmoja, kaka wa marehemu, alikuwa anakwenda kuangalia vinyungu vyake kabla ya ibada, nikamfuata, nadhani nilikuwa nataka tu kutembea damu ipite. Vinyungu ni zile bustani za mabondeni wanazolima kiangazi, udongo una unyevu hata mvua zikiisha. Viazi vyake vya chini kabisa, kando ya kijito, majani yalikuwa yamelala meusi, kama mtu kapita na moto. Akaliokota jani akalisugua kati ya vidole likawa uji. Vile vya mita chache juu, kwenye mteremko, vizima, kijani, utasema shamba la mtu mwingine.

"Baridi inashuka kama maji," akasema. "Inakwenda kulala kule chini."

Na kweli ndivyo ilivyo. Usiku mbingu ikiwa wazi ardhi inapoteza joto lake haraka, hakuna mawingu ya kulifunika, hewa iliyogusa ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni inatuama. Kwa hiyo bondeni panaungua kwanza. Yeye anasema "imeunguza". Baridi inaunguza, hilo nalo nilikuwa sijawahi kulifikiria, mpaka nilipoliona lile jani.

Nikamuuliza sasa kwa nini unalima kule chini kabisa? Akaniangalia kwa upole kama unavyomwangalia mtoto wa mjini. Maji yako wapi? Kule chini. Basi. Mwaka ambao sakitu haikuja sana, viazi vya Septemba vinapata bei. Mwaka ambao imekuja, imekuja.

Mi nilikuwa nadhani baridi ya Julai ni suala la jua kuwa mbali. Nimetumia wiki hizi kusoma kidogo kidogo, na jua lina sehemu yake, tarehe 21 Juni jua la utosi liko kule karibu na Muscat, shemeji zangu wa Oman wanachemka, na huku kwetu saa sita mchana kivuli chako kinaangukia kusini. Lakini nchi yetu yote iko kati ya nyuzi 1 na karibu 12 kusini mwa ikweta, hata Makete mchana wa Juni ni pungufu ya masaa 12 kwa dakika ishirini na kitu tu. Jua halijaenda popote pa kukuogopesha. Kinachofanya kazi ni mwinuko, na mbingu kavu isiyo na wingu, na ule upepo wa kusi unaosukumwa na mgandamizo mkubwa wa hewa huko chini, kusini ya Morisi na Reunion, ambako ni majira ya baridi kweli. Yaani tunaletewa baridi ya watu wengine kwa njia ya bahari. Sisi wa pwani tunaipata imeshapashwa na maji. Milimani, ikishanyesha kidogo kule upande wa mashariki, inafika kavu.

Mama Duka tulimzika saa saba, jua likiwa juu. Waliochimba kaburi walisema udongo wa juu asubuhi ulikuwa mgumu.

## Nyumba ya Desemba

Hapa ndipo penyewe.

Siku ya pili nilikuwa na hasira. Nilikuwa nazungumza kimoyomoyo na wenyeji wote wa Makete: jamani, mnaishi kwenye baridi hii tangu enzi, kwa nini nyumba hazina dari? Kwa nini hakuna dohani? Lushoto mpaka leo zile nyumba za zamani za Wajerumani zina dohani juu ya paa, walifika tu wakaona hapa kuna baridi wakajenga meko ukutani. Sisi je? Nyumba tuliyolala ilikuwa ya tofali za saruji, bati juu bila dari, usiku bati linatoa jasho linakudondokea usoni, madirisha mapana ya aluminiamu ya kusukuma, kila moja lina mwanya, na sakafu vigae vyeupe vinavyong'aa. Na hii ni wilaya ya mbao! Mbao za Makete na Njombe zinajaza magodauni ya Dar. Dari la kwenye sebule ya mtu wa Tabata limetoka huku.

Binamu yangu anaishi Sweden, nikampigia nikamwambia hapa nakufa kwa nyuzi 4, akacheka, akasema alishawahi kulala Mbeya mwezi wa saba na hajawahi kusikia baridi kama ile tangu azaliwe, na yeye kwake inafika hasi 15. "Huku baridi iko nje," akaniambia, "ndani natembea peku. Kwenu iko ndani."

Nikamjibu watu wa huku wamezoea. Ilinitoka hivyo tu, na hata nilipokuwa naisema nilimkumbuka bibi wa jiko, visigino vyake vimepasuka mpaka unaona nyama.

Jioni ile nikamfuata jikoni kumuomba maji ya moto. Jiko lao liko nyuma ya nyumba kubwa, kibanda cha udongo, ukuta mnene, mlango mfupi unainama, nyasi juu. Nikainama nikaingia.

Joto.

Kijoto kile kinachokushika masikio kwanza. Moto wa kuni katikati, gogo moja kubwa linateketea taratibu, moshi unapanda unatoka polepole kwenye nyasi, na familia nzima iko mle. Wazee, watoto, binti wa marehemu mwenyewe, mtoto mchanga, paka. Wanamenya viazi. Wanalala mle, magunia na ngozi na mablanketi pembeni. Usiku wote ule sisi tisa tunatetemeka kwenye vigae, wenyeji walikuwa mita ishirini nyuma yetu wana joto lao.

Nikauliza, jamani, hii nyumba kubwa anakaa nani?

Binti akacheka kicheko cha mtu aliyelia siku tatu. "Hakuna. Ya wageni. Mama alikuwa anakaa akija."

Mama Duka aliijenga miaka kumi na mbili, kidogo kidogo, kwa faida ya unga na sabuni tuliyonunua sisi. Ramani kaitoa Dar, fundi kamtoa Dar, vigae kavipandisha na lori. Na alikuwa anakuja kila mwaka.

Desemba.

Kama wote wanavyokuja. Wanakuja Krismasi, mvua zimeanza, milima ya kijani, usiku una mawingu umepoa tu kidogo, ile Kitulo wanayoiita Bustani ya Mungu inaanza kutoa maua. Wanakaa wiki mbili, wanapima kiwanja, wanarudi kujenga nyumba inayofaa kwa wiki mbili hizo. Mama Duka alijenga nyumba nzuri kabisa ya Desemba na sidhani kama aliwahi kulala ndani yake Julai, maana Julai duka halifungwi. Mara ya kwanza kulala mle Julai alikuwa kwenye jeneza, sebuleni, na sisi tisa chumba cha pili.

Na wenyeji kwa heshima wakatupa sisi ile nzuri. Wangetuweka wapi wageni wa Dar, kwenye kibanda cha moshi? Aibu. Tulipewa baridi kama heshima, na mi nikawa nawalaumu.

Kile kibanda sikisifii, nisieleweke vibaya. Nilikaa saa moja nikatoka macho yanachuruzika, watoto wanakohoa, bibi macho yake mekundu ya kudumu, moshi wa kuni nao unakula mapafu, ni taratibu tu. Lakini nyasi zinapumua. Bibi alijua tofauti ya moto uliomo kwenye nyumba inayopumua na moto uliofungiwa na kanga chini ya mlango. Sisi tulichukua moto wa kibanda tukautia kwenye nyumba ya Dar. Hapo ndipo mtu anapokufa. Nimeiwaza sana hiyo.

## Kila mtu na Julai yake

Tangu nirudi nimekuwa kero, kila ninayempigia namuuliza baridi ikoje huko. Rafiki yangu wa Arusha anasema wiki mbili hajaona jua wala mlima Meru ambao uko pale pale juu ya kichwa chake, ni mawingu tu yamelala, nguo hazikauki, ila usiku sio mbaya sana. Kumbe baridi ziko mbili, ya mawingu inayokunyima mchana na ya mbingu wazi inayokuvizia usiku, na hazifanani. Wa Tukuyu anasema manyunyu, manyunyu, manyunyu, kiangazi chao nacho kina mvua. Shangazi yuko Kigoma, yeye alinishangaa, baridi gani, huku jua kali na moshi wa mapori yanayochomwa mpaka milima ya Congo ng'ambo ya ziwa imepotea. Dodoma ni vumbi na upepo na usiku mkavu unaopasua midomo, shemeji yangu ni mtumishi, alihamishwa na serikali ilipohamia, kaenda na mashuka mawili ya pwani, kanunua blanketi wiki ya kwanza. Ila anasema kuelekea mwezi wa nane na wa tisa zabibu zinaanza kuvunwa, kwa hiyo anasamehe.

Na wote hao redioni wanaambiwa ni kipupwe.

Neno lenyewe ni la kwetu pwani. Masika, vuli, kiangazi, kipupwe, ni kalenda ya watu wa ngalawa na minazi, kusi na kaskazi. Ukipanda Njombe hakuna masika na vuli, kuna mvua moja ndefu, Novemba mpaka Aprili, Mamlaka ya Hali ya Hewa wenyewe wanaiita mvua za msimu kwa kukosa jina la pwani la kuipa. Tuliwagawia nchi nzima neno moja kisha tukadhani tunajua maana yake. Nikisema kipupwe mi naona chupa ya bibi na mzula wa mtoto. Yule mzee wa vinyungu anaona jani jeusi.

Kuna wakati najiambia acha, umekaa siku nne tu umegeuka mtaalamu wa baridi za watu. Inawezekana. Mtu wa Makete akisoma hapa ana haki ya kucheka, na anisahihishe. Ila najiuliza ni wangapi wetu tunaijua nchi kwa Desemba yake tu, tunakwenda kwao na kwetu likizo, tunapiga picha, halafu tunarudi tunaamua mambo: ramani za nyumba, sare za shule. Nimeona watoto wa shule Makete saa moja asubuhi juu ya sakitu, kaptula, magoti yamekuwa ya kijivu, sweta moja iliyofumuka kiwiko. Kaptula ile ni ya wapi? Ni ya Tanga. Ilivaliwa na kaka zangu wote, na kule inafaa.

## Kopo

Juzi binti wa Mama Duka kanipigia. Wamekaa kikao cha familia, wanataka kuwahamishia wazee nyumba kubwa. Mbao za dari wamepata hapo hapo kwa mjomba, vigae wataviacha, watatandika mikeka na mazulia. Bibi kakubali kwa sharti moja, kibanda kisibomolewe. Wamebishana siku nzima kuhusu kibanda, kashinda bibi.

Halafu akasema bibi anakusalimu, na anauliza yale mafuta unayatoaje kwenye chupa.

Nilimwachia kichupa changu siku ya kuondoka, kwa ajili ya visigino. Sikufikiria. Chupa ina shingo nyembamba, mafuta jiwe, mtu wa Tanga anasubiri saa nne jua liyalegeze. Bibi alisubiri siku mbili, akachukua kisu akaikata chupa katikati.

Kwa hiyo jana nimekwenda stendi Mbezi na kopo la mdomo mpana, kilo mbili, nimefunga mfuniko na nailoni, nimeandika jina na namba. Konda kalipokea, kalitikisa sikioni, likawa linacheza mle ndani, chwaka chwaka.

"Dada, haya si yatanimwagikia kwenye buti?"

Nikamwambia asijali, akilifikisha Makambako hayamwagiki tena.